Mtoto Mwenye Himofilia: Dawa Kwanza, Vipimo Baadaye

Himofilia ni ugonjwa wa kurithi unaofanya damu ichelewe kuganda, kwa sababu mwili hautengenezi kiasi cha kutosha cha protini mojawapo ya kugandisha damu. Aina A, inayotokana na upungufu wa fakta namba 8 (fakta ndilo jina la protini hizo), humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto 5,000 wa kiume wanaozaliwa, na aina B, ya upungufu wa fakta namba 9, ni adimu zaidi. Mwanangu ana aina A iliyo kali, yaani kiwango chake cha fakta hiyo hakifiki asilimia 1 ya kawaida. Ninamwandikia mzazi ambaye ndiyo kwanza ametajiwa jina la ugonjwa huu na hajui aanzie wapi.

Aanze kwa kuuliza habari za ujombani. Hitilafu hii hubebwa na kromosomu X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja tu, kwa hiyo mara nyingi mama huibeba bila dalili kubwa, na wanaougua ni wanawe wa kiume, kaka zake na wajomba zake. Kwetu ilijitokeza baada ya tohara: kidonda kilichotakiwa kukauka kilivuja, kikakoma, kikavuja tena, na wapo ndugu waliokwisha kuamua kwamba mtoto amerogwa. Daktari wa watoto aliponiuliza kama kuna mwanamume wa upande wa mama yangu aliyefariki kwa kutokwa na damu, nilimkumbuka mjomba wa mama, aliyekufa baada ya kung'olewa jino, ambaye kifo chake kilisimuliwa miaka yote kuwa ni cha husuda. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo, kwa hiyo kukosekana kwa kisa cha namna hiyo kusiwazuie madaktari kupima muda wa damu kuganda na, pale maabara inapoweza, kiwango cha fakta yenyewe.

Jambo ninalotaka kila mzazi alishike ni hili: damu ikianza kuvuja ndani ya mwili, dawa, yaani fakta ya kuchomwa mshipani, itangulie vipimo. Kwa watoto wenye himofilia kali, hatari ya kila siku si kidonda cha kisu jikoni, bali damu inayomwagika ndani ya magoti, vifundo vya miguu na viwiko bila jeraha lolote la kuonekana. Mwanangu husema goti linamtambaa kama lina sisimizi ndani, na saa hiyo ukilitazama huoni kitu. Baadaye ngozi hukaza na kung'aa, goti huwa la moto, naye hulikunja kidogo na kukataa kulinyoosha. Anayesubiri uvimbe uonekane amechelewa, kwa maana damu inayorudi mara kwa mara katika kiungo kilekile hula gegedu mpaka mtoto akabaki mlemavu. Akisema linatambaa, mpe dawa, mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa na uinue mguu.

Kichwa ni jambo zito zaidi. Mwanangu alipoanguka shuleni na kugonga kisogo, tulifika katika hospitali moja tukaambiwa tusubiri foleni ya picha ya kichwa kwanza, kwa kuwa mtoto alikuwa akizungumza vizuri. Nilimwambia muuguzi, "Sista, naomba daktari asome barua hii kabla hatujakaa." Barua hiyo, yenye mhuri wa kliniki, inataja aina ya himofilia, ukali wake, uzito wa mtoto, dozi na namba ya simu ya daktari wake, na imeandikwa wazi kwamba akigonga kichwa apewe fakta mara moja, kisha ndipo apigwe picha. Daktari wa zamu aliisoma, akapiga simu, na dawa ikaingia mshipani kabla ya picha. Mzazi, omba barua kama hiyo, uitoe nakala na moja ibaki kwa mwalimu wa darasa.

Jifunze pia hesabu ya dozi, maana utakutana na wahudumu ambao hawajawahi kuishika dawa hii. Kwa fakta namba 8 ya kawaida, yuniti moja kwa kila kilo ya uzito hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Mtoto wa kilo 20 akipewa yuniti 500 hufikia kama asilimia 50, kiwango kinachofaa kwa damu ya kwenye goti. Kwa kichwa madaktari hulenga asilimia 80 hadi 100, yaani karibu yuniti 1,000. Wakati wa kuchanganya dawa, kichupa kizungushwe taratibu, kisitikiswe. Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Sindano za msulini nazo ziepukwe.

Dawa hizi ni ghali mno kwa familia ya kawaida, na sehemu kubwa ya zinazotumika katika nchi zetu hutolewa kama msaada kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani, lenye makao yake Montreal, Kanada. Ndiyo maana kusajiliwa katika kliniki maalumu, kama ile ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni sehemu ya tiba. Huko ndiko pia watakakopima kama mwili wa mtoto umeanza kuikataa fakta, hali inayowapata karibu asilimia 30 ya wenye aina A kali, na kuamua kama anafaa kupewa emisizumabu, sindano ya chini ya ngozi inayozuia damu kuvuja lakini haitoshi kuizima iliyokwisha kuanza.

Usiwasahau mabinti. Binti yangu ameshapelekwa kupimwa, kwa kuwa baadhi ya wabebaji nao wana fakta pungufu, hutokwa na hedhi nzito kupita kiasi, na wakunga wanapaswa kulijua hilo mapema kabla ya uzazi.