Baiskeli ya umeme inaufanyia nini mwili: majibu ya mwenye goti bovu

Mkuu, umeuliza kama baiskeli ya umeme inajenga mwili au inaudekeza tu, maana goti linakusumbua na wenzako wanakuambia hayo si mazoezi. Mimi niliihamia kwa sababu ya goti hilohilo. Huu ni mwaka wa tatu naenda nayo kazini, kilomita 11 kwenda na 11 kurudi.

Kwanza zipo za aina mbili. Kuna ambayo mota haisaidii mpaka upige pedali, na kuna ya kubonyeza kitufe ukakaa ikakupeleka kama pikipiki. Hiyo ya pili moyo wako hautaisikia. Mimi nazungumzia ya kwanza.

Kwenye hiyo mazoezi yapo, tena ya kweli. Nikiweka msaada wa chini, yaani mota isukume kidogo tu, naweza kuongea lakini siwezi kuimba, na hicho ndicho kipimo rahisi cha mazoezi ya wastani. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za namna hiyo kwa wiki. Mimi kwa siku nne tu nimeshazipita. Zamani, na baiskeli ya kawaida, nilikuwa naendesha siku moja halafu siku tatu nauguza goti. Sasa niambie ni ipi iliyokuwa inanipa mazoezi zaidi.

Kuhusu goti lenyewe: linaumizwa zaidi pale unapoondoka na unapopanda mlima, na hapo ndipo mota inapobeba mzigo. Lakini nilikosea. Kwa kuwa inavuta, nikaacha kubadili gia, nikawa naondoka na gia nzito. Mwezi haukuisha maumivu yakarudi, palepale mbele chini ya kifuniko cha goti. Shusha gia kabla hujasimama, miguu izunguke haraka na kwa wepesi. Tandiko pia lisiwe chini: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha kiganja cha mguu kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo.

Kilichonishangaza ni mikono. Asubuhi moja nimefika kazini, nataka kufunga kifungo cha mkono wa shati, kidole kidogo na cha pete vimekufa ganzi, kifungo kinaniponyoka. Nilihangaika kama dakika tano, na nilipata hofu. Sababu nimeielewa baadaye. Unapokanyaga kwa nguvu, miguu inabeba sehemu ya uzito wako. Mota ikikusaidia unakanyaga kwa ulaini, kwa hiyo uzito unaangukia makalio na viganja, na mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo unabanwa. Nikainua usukani, nikaacha kukaza viwiko, nikajizoeza kunyanyuka kidogo kwenye matuta. Wiki tatu ganzi ikaondoka.

Mgongo nao uulinde. Yangu ina kilo 24, na niliwahi kuteguka kiuno nikiipandisha ngazi. Sasa natoa betri kwanza, naibeba peke yake.

Ila mkuu, kama goti linavimba au linakwama ukilikunja, muone daktari kabla hujanunua. Kama ni maumivu tu ya mlima, azima ya mtu, tafuta mwinuko unaokutesa, uupande mara mbili kwa msaada wa chini, halafu usikilize goti kesho yake asubuhi unaposhuka ngazi.