Kifaranga katoboa yai lakini hatoki, nimvunjie ganda?

Umesema ametoboa tangu jana usiku na bado analia ndani. Subiri kwanza. Tangu kutoboa hadi kutoka, kifaranga wa kuku huweza kuchukua saa 24, wa bata hata 48. Muda huo anamalizia kufyonza kiini na damu ya kwenye utando wa ndani ya ganda. Ukimbandulia mapema atavuja damu. Acha kufungua-fungua mashine ya kutotolea, ndiko kunakokausha utando ukamganda! Unyevu uwe asilimia 70 hivi.

Muda ukipita na utando umekuwa wa kahawia, mkavu kama karatasi, ulowanishe kwa maji ya vuguvugu, bandua kidogo kuzunguka tundu. Ukiona mshipa mwekundu, acha, mrudishe kwa saa kadhaa. Usimvute, ajisukume mwenyewe.