Babu alitolewa Ngare Nanyuki 1951, karatasi zake nizitafute wapi?

SWALI: Shikamoo dada, pole na kazi. Mimi ni kijana wa Usa River, babu yangu mzaa baba ni mmoja wa Wameru waliotolewa Ngare Nanyuki mwaka 1951 nyumba zikachomwa moto. Babu keshatangulia mbele za haki na hakuacha hata karatasi moja, amebaki bibi, na yeye kila nikimuuliza stori inazidi kuwa fupi. Nimeenda ofisi moja hapa mjini wakasema mafaili ya mkoloni hawana, nyingine wakaniambia nenda Dar, sasa Dar wapi na nikifika naulizaje? Sidai shamba, nataka tu kujua serikali iliandika nini juu yao. – Mjukuu, Usa River

JIBU: Marahaba mdogo wangu, swali lako limenigusa kweli maana na mimi nilianza hivyo hivyo. Waliokwambia Dar hawakukosea, ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iko Upanga mtaa wa Vijibweni. Piga simu kabla hujakata tiketi ya basi, uliza wanataka barua gani ya utambulisho, nenda na kitambulisho chako na penseli, kalamu ya wino iache kwenye begi. Na usiogope kwamba labda ni siri, sheria ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za serikali zikishatimiza miaka 30, hizi za babu zimeshapita huko zamani sana.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokwama. Ukifika usiseme nataka faili la babu yangu, halipo, mkoloni hakumfungulia mkulima faili. Faili linakaa kwa jina la ofisi iliyolifungua, kwahiyo wewe unatakiwa ujue nani alikuwa anamwandikia nani, na kwa huku kwetu ni DC (mkuu wa wilaya) wa Arusha anamwandikia PC (mkuu wa jimbo) wa Jimbo la Kaskazini ambaye naye makao yake yalikuwa hapa hapa Arusha, na PC anaandika kwa Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya serikali ya mkoloni, Dar. Uliza katalogi za hizo ofisi tatu, halafu tafuta ardhi ya Meru kuanzia 1946, maana chanzo ni ile tume ya Jaji Mark Wilson ya mashamba ya Arusha na Moshi, yeye ndo alipendekeza eneo lile liwe la walowezi. Na shika hizi namba mbili, shamba namba 31 na shamba namba 328, ndo yenyewe ya Ngare Nanyuki. Angalia pia Kingori, walikotakiwa kuhamia wakagoma. Majina waliyaandika walivyosikia, mara Engare Nanyuki mara Ngare Nanyuki, kwahiyo jina la babu lijaribu kwa kila spelingi, L na R hasa.

Mimi nilikuwa natafuta habari za mifongo, ile mifereji ya maji ya asili, ya Machame kwa kina mama yangu, siku nzima ya kwanza nikasoma barua za wazungu wanabishana kuhusu bajeti tu, nikakata tamaa kabisa, siku ya pili nafungua faili jingine, karatasi imekuwa rangi ya chai, imetobolewa kona ikapitishwa kamba, katikati ya Kiingereza chote kile nakutana na barua ya Kiswahili imeandikwa kwa mkono na chini yake safu ya dole gumba, wino wa zambarau, mistari ya kidole inaonekana kabisa. Nililia pale pale mezani. Kwahiyo usiruke kurasa, barua za watu wetu zinakaa nyuma ya barua za wakubwa kama viambatanisho.

Halafu kesi yenu ina bahati moja, haikuishia Dar. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ndo maana mwaka 1952 Kirilo Japhet alienda New York kuwasemea Wameru kwenye Baraza la Udhamini, pamoja na wakili Earle Seaton aliyekuwa na ofisi Moshi. Malalamiko ya kutoka Tanganyika yana alama T/PET.2, na nyaraka nyingi za baraza lile zimeskaniwa ziko kwenye maktaba ya intaneti ya Umoja wa Mataifa, hizo anza nazo leo hapo hapo Usa River kwa bando lako. Kuna na upande wa Uingereza, hifadhi ya taifa iliyoko Kew London, mafaili ya Tanganyika ni CO 691, hayo yaweke akiba.

Ila kabla ya yote kaa na bibi wiki hii. Muulize majirani wao kule juu walikuwa kina nani, ukoo gani, mto gani walichota maji, rekodi kwa simu, maana jina la babu linaweza lisiwepo ila la jirani likawepo. Na kila karatasi utakayoipiga picha, piga kwanza jalada la faili namba yake ionekane, mimi nina picha kumi na moja nzuri sana ambazo mpaka leo sijui zimetoka faili gani.