Anza na yai

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Na ile picha uliyonitumia kwenye simu nimeitazama mara tatu, ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Unauliza: "Baba, nimenunua mkaa wa kuchorea, mbona kila ninachochora kinaishia kuwa doa jeusi?"

Nimeiona boksi pembeni ya picha. Umenunua mkaa wa kushindiliwa, ule uliosagwa ukachanganywa na gundi. Ni mweusi tii na ukishashika karatasi haubanduki. Huo uweke, utakufaa baadaye kwa giza la mwisho. Wewe tafuta ule wa vijiti vilivyochomwa tu, mwepesi kama bua, ukiupuliza nusu yake inaondoka. Ukikosa dukani, tengeneza: vijiti vya mforosadi visivyo na vifundo, menya maganda, vipange ndani ya kopo la maziwa, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, weka kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, epua, na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Hewa ikiingia mapema unakuta majivu. Mkaa wa jikoni usijisumbue nao, una sehemu ngumu zinazokwaruza karatasi.

La pili, unaushika kama kalamu. Kile kikombe umekizungushia mstari kwanza, kisha ukajaza weusi ndani. Laza mkaa ubavu, mkono utembee kutoka begani, weka kwanza giza lote kwa wepesi. Mstari utajileta wenyewe pale giza linapokutana na mwanga.

Sasa kikombe kiache, chukua yai. Liweke kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha, uzime taa. Finya macho mpaka yai lipotee, ubaki unaona mabaka tu, meupe na meusi. Mimi nilikuwa na miaka 52 nilipogundua kwamba weusi mkubwa wa yai hauko ukingoni. Uko ndani kidogo, kwa sababu sahani inarudisha mwanga kwenye tumbo la yai kwa chini. Ukiuacha ule mwanga hafifu, yai linanyanyuka kwenye karatasi. Ukiuziba, umechora sarafu.

Usisugue kwa kidole. Najua inavutia, mimi nilisugua mwaka mzima. Kidole kina mafuta na jasho, hasa kwa joto letu hili la Tanga, na penye mafuta mkaa unaganda, haufutiki tena. Tumia kitambaa kikavu.

Karatasi ya fotokopi ni laini mno, mkaa unateleza. Nunua ya kaki, ina mikwaruzo ya kuushika. Tena rangi yake yenyewe inakuwa kivuli cha kati, wewe unaongeza giza kwa mkaa na mwanga kwa chaki nyeupe. Nilimaliza chaki nyingi za shule kwa njia hiyo, Mungu anisamehe.

Kufuta nako ni kuchora. Zamani, kabla ya raba, wachoraji wa Ulaya walifuta kwa sehemu laini ya ndani ya mkate. Nilijaribu kwa mkate wa mama yako, ukafanya kazi safi sana. Mama yako hakuona hivyo. Finyanga tonge dogo, libonyeze palipo na mwanga uliinue, usisugue.

Na alama zinazobaki zisikutie aibu. Yuko mchoraji wa Johannesburg, William Kentridge, aliyezaliwa 1955. Anachora kwa mkaa, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena palepale, anapiga nyingine, mpaka inakuwa filamu. Kivuli cha kilichofutwa kinabaki kikimfuata mtu anayetembea. Angeweza kukificha kwa kubadilisha karatasi. Habadilishi.

Ukimaliza, usikunje mchoro. Watu hupulizia dawa ya nywele ili mkaa ushike. Inasaidia, ila karatasi huja kuwa ya manjano. Mimi naweka karatasi nyembamba juu, nalaza chini ya godoro.

Chora yai hilo mara 3, siku tofauti, usilihamishe. La kwanza usinitumie. Nitumie la tatu, na mkate ununue wako.

Baba yako