Friar si lazima awe mtawa: majibu kwa barua zenu

Shikamoo. Mwanangu yuko mwaka wa mwisho Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Juzi kanipigia kwa furaha, eti kachaguliwa kuwa Friar, jina la watawa wa Kikatoliki. Mimi nilikuwa nangoja mkwe! Ndiyo basi tena? – Mama, Morogoro

Marahaba, mama. Endelea kukusanya mahari.

Friar Society ni jumuiya ya heshima ya wanafunzi, kongwe kuliko zote pale Austin. Ilianzishwa mwaka 1911. Humchagua mwanafunzi aliyekifanyia chuo jambo la maana, iwe katika uongozi au katika kuwatumikia wenzake. Hakuna nadhiri ya useja wala ya ufukara, na chuo chenyewe ni cha umma, si cha kanisa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania nako wapo Friars, tena wa tangu 1899. Mwaka mmoja baadaye, chuoni humo humo, wengine wakajiita Sphinx. Mwanao angeingia huko, sijui ungeniandikia kwamba amegeuka sanamu la Misri!

Mpe hongera. Na usichanganye na Phi Beta Kappa, jumuiya nyingine ya heshima, ya mwaka 1776: ile hutazama zaidi alama za darasani.

Nimekulia Peramiho kwa Wabenedikto. Nao si ndio hao hao friars? – Msomaji, Songea

La. Wabenedikto ni wamonaki. Mmonaki hufunga nadhiri ya kudumu katika abasia yake: hapo atasali, atafanya kazi za mikono, na kwa kawaida hapo atazikwa. Ndiyo maana Peramiho na Ndanda zina makaburi ya watawa wao na karakana zilizodumu vizazi na vizazi.

Friar ni mtu wa njiani. Karne ya 13 miji ya Ulaya ilikuwa inafurika watu, na abasia nyingi ziko mbali huko mashambani. Fransisko wa Assisi akapata kibali cha Papa mwaka 1209, Dominiko mwaka 1216. Wafuasi wao wakaingia mijini kuhubiri, wakiishi kwa kuombaomba. Friar ni wa shirika, si wa nyumba fulani. Leo yuko hapa, kesho kahamishwa. Jina lenyewe linatoka Kilatini *frater*, yaani ndugu, na Kiswahili kimelipokea vizuri kuliko lugha nyingi: Wafransisko tunawaita Ndugu Wadogo.

Dar es Salaam imewaonja wote wawili, wamonaki na friars. Wabenedikto Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wakapuchini kutoka Uswisi wakashika nafasi yao mwaka 1921. Hao ni tawi la Wafransisko. Hata Askofu Mkuu Ruwa'ichi ni Mkapuchini.

Friars wote ni mapadre?

Hapana. Wengine ni mabruda, yaani watawa wasio mapadre. Fransisko mwenyewe hakuwa padre.

Na Wajesuiti je?

Nao si friars, ingawa ni watawa. Friars wanaojulikana zaidi ni Wadominiko, Wafransisko, Wakarmeli na Waagustino.

Rafiki yangu anadai kahawa ya kapuchino imetokana na mapadre. Ananidanganya? – Mnywaji, Arusha

Kuhusu jina, hakudanganyi. Kahawa ikichanganywa na maziwa hupata rangi ya kanzu ya Mkapuchini. Nao Wakapuchini wameitwa hivyo kwa sababu ya ile kofia ndefu iliyoshonewa kwenye kanzu. Bili ya kahawa ni yako, mimi sihusiki.

Kabla ya Wajerumani, pwani yetu iliwahi kuwaona friars? – Msomaji, Mombasa

Iliwaona, na mwisho wake ulikuwa mchungu. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na kabla karne haijaisha Waagustino walikuwa na nyumba yao Mombasa. Sultani Hassan wa Mombasa alipouawa, mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, angali mtoto. Akalelewa na Waagustino, akabatizwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Lakini alirudi kwenye makao ambayo wenye amri walikuwa Wareno. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarejea Uislamu. Waagustino wa Mombasa waliuawa siku hizo, pamoja na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika. Walioshika kalamu kumsimulia Yusuf ni Wareno zaidi, kwa hiyo ukisoma habari zake mahali popote, angalia kwanza nani anasimulia.