Maswali na majibu: Laptopu ya zamani haishiki waifai

Wiki hizi maswali yanayofika mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni ya aina moja: laptopu ya zamani, nzima kabisa, lakini waifai haishiki. Nimechagua machache nijibu kwa pamoja. Kabla hujatafuta swali linalofanana na lako, angalia kwanza umekwamia wapi, maana "waifai haifanyi kazi" ni maneno yanayoficha shida tatu tofauti. Kuna laptopu isiyoona mtandao wowote. Kuna inayoona mitandao ila inagoma kuungana. Na kuna iliyoungana vizuri, lakini kurasa hazifunguki. Fundi akianza kukutajia bei kabla hajakuuliza yako ni ipi kati ya hizo, beba mashine yako uondoke.

*

"Habari za kazi, dada fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tukuyu. Nina HP niliyoinunua ikiwa imetumika, ina Windows 7. Taa ya waifai inawaka rangi ya chungwa muda wote na haioni mtandao hata mmoja. Fundi kaniambia kadi ya waifai ya ndani imekufa, ninunue nyingine. Nikubali?"

Nzuri, mwalimu. Usitoe hela bado. Kwenye HP nyingi za miaka ile, rangi ya chungwa maana yake waifai imezimwa. Ikiwashwa taa hugeuka bluu au nyeupe. Kuzimwa si kufa. Gusa ile alama ya mnara iliyoko juu ya kibodi, au bonyeza F12, au shika Fn pamoja na kitufe chenye picha ya mnara. Kama hakuna, zungusha mashine uchunguze kingo zake: laptopu nyingi za wakati huo zina kijiswichi cha kusogeza pembeni au mbele.

Mama mmoja aliniletea ThinkPad akiwa ameshaambiwa aandae hela ya kadi mpya. Nilipitisha kucha kwenye ukingo wa mbele, na chini ya utando wa vumbi jekundu lililogandamana na mafuta ya mikono nikakuta kijiswichi kidogo kama punje ya mchele. Nilikisogeza, alama ya kijani ikachungulia, na kabla hajamaliza kunitajia jina la mtandao wa nyumbani kwake, mitandao ya maduka ya jirani ilikuwa imeshajipanga kwenye skrini. Yule mama alikaa miezi minne akitumia simu kwa kazi ambayo laptopu yake ingeifanya. Mambo kama haya yananiuma.

Taa ikikataa kubadilika, zima mashine kabisa, chomoa charja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukikishikilia kwa nusu dakika. Rudisha betri, washa. Halafu ingia Device Manager, sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa vya mashine, tafuta kadi ya waifai kwenye orodha ya vifaa vya mtandao. Ikiwa na kimshale kinachoangalia chini, imezimwa humo ndani. Bofya kulia uiwashe. Kama kadi haimo kabisa kwenye orodha, hapo ndipo fundi afungue mashine, aichomoe kadi na kuichomeka upya. Ikishindikana baada ya hayo yote, basi tuzungumze habari ya kununua.

*

"Shikamoo. Nasoma chuo hapa Iringa, nimepanga Kihesa. Laptopu yangu ni ya 2010. Inaona waifai za majirani lakini hotspoti ya simu yangu mpya haiioni kabisa. Simu yangu ya zamani ilikuwa inaiona. Je, simu mpya ni mbovu?"

Marahaba, mwanangu. Simu ni nzima na laptopu ni nzima, ila hazikutani hewani. Waifai hutumia masafa zaidi ya moja: yale ya gigahezi 2.4 na yale ya gigahezi 5. Kadi nyingi zilizofungwa kwenye laptopu za bei ya kawaida za miaka ile zinajua 2.4 peke yake. Simu mpya nyingi zinaweza kurusha hotspoti kwenye 5, na ikifanya hivyo laptopu yako haipati kitu, kama redio ya mzee yenye masafa ya kati tu inavyoshindwa kupata kituo cha FM hata mnara ukiwa nyuma ya nyumba.

Fungua mipangilio ya hotspoti kwenye simu, tafuta palipoandikwa bendi au gigahezi, chagua 2.4. Palepale angalia na sehemu ya usalama. Ikiwa imewekwa WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai, irudishe WPA2, ile ya kabla yake. WPA3 ilitoka 2018, miaka minane baada ya laptopu yako kutengenezwa, na draiva zake, yaani programu zinazoendesha kadi, hazikuwahi kuisikia. Kwa hilo la pili utaona jina la hotspoti linatokea lakini kuungana hakuwezekani.

Ukitaka kujua kadi yako ina uwezo gani bila kubahatisha, fungua lile dirisha jeusi la amri uandike netsh wlan show drivers. Kwenye mstari wa aina za redio, ukiona 802.11b, g na n tu bila a wala ac, hesabu kwamba ni 2.4. Wala usijione umepunjwa: kiwango cha g cha 2003 kinatajwa kuwa megabiti 54 kwa sekunde, na hata ukipata chini ya nusu yake, kusoma, kutuma kazi ya mhadhiri na kuangalia video ya somo vinawezekana.

Wenye ruta nyumbani, jambo ni lilelile, na kuna la ziada. Baadhi ya kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazioni chaneli ya 12 na ya 13 (chaneli ni vijia ndani ya masafa ya 2.4), na baadhi ya laptopu za mitumba zinatoka huko. Ruta ikijichagulia chaneli 13, laptopu moja tu ndani ya nyumba inakuwa kipofu na wenzake wanaona. Iwekeni ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11.

*

"Dada, nikichomeka charja waifai inakwenda vizuri. Nikichomoa inakatakata. Niko Mafinga."

Mashine inabana matumizi ya betri kwa kuilaza kadi. Ingia Device Manager, fungua kadi ya waifai, sehemu ya Power Management, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima. Kisha kwenye mpango wa umeme, upande wa waifai, chagua Maximum Performance hata kwa betri. Betri itaisha mapema kidogo.

*

"Kamwene dada. Nina stationeri Makambako. Laptopu ya kazi imeungana na waifai, alama zimejaa, lakini kila tovuti inaandika kwamba si salama. Wanafunzi wamenipangia foleni kwa maombi ya mkopo wa HESLB nashindwa kuwahudumia. Halafu kila nikiiwasha saa inarudi 2009."

Kamwene. Sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine inayoamini tuko 2009 ikioneshwa cheti kilichotolewa mwaka huu, inaona muda wake bado haujafika, inakikataa. Waifai yako haina kosa. Rekebisha tarehe, mwaka na saa sasa hivi, uhudumie foleni.

Jioni mpelekee fundi abadilishe betri ndogo ya saa iliyo ndani, ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3. Kwenye laptopu mara nyingi huwa imefungwa ndani ya plastiki na kuunganishwa kwa waya mbili, kwa hiyo mwambie aangalie plagi ya ile ya zamani kabla hajanunua.

Kama tarehe ni sahihi na bado tovuti zinakukatalia, kosa ni la kivinjari. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikubwa kimoja kilichokuwa kikidhamini tovuti nyingi kiliisha muda, na mashine ambazo hazikuwa zikipata masasisho ziliachwa nje. Kama mashine yako ni ya Windows 7, weka Firefox toleo la 115 la muda mrefu, ambalo ndilo la mwisho kukubali Windows 7. Firefox inabeba orodha yake ya vyeti, haitegemei ile iliyozeeka ndani ya Windows. Ila kwa ofisi inayoshika vyeti vya kuzaliwa na nywila za wanafunzi, panga kuhama Windows 7 kabisa. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020.

*

"Mambo dada. Nimepiga Linux Mint kwenye Dell ya zamani, imekuwa nyepesi sana, ila waifai hakuna. Windows ilikuwa inashika. Na bila intaneti nashusha vipi draiva? Uyole hapa."

Poa mdogo wangu. Umefanya jambo zuri kuhamia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, usirudi nyuma. Chukua simu, iunge na laptopu kwa waya wa USB, washa bando au waifai kwenye simu, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti washa kugawa intaneti kwa USB. Mint itaitambua palepale kama mtandao wa waya. Ikigoma, badilisha waya: waya nyingi za bei ndogo zinapitisha chaji tu, data hazipitishi.

Ukishapata intaneti, fungua terminali, lile dirisha la amri la Linux, uandike lspci -nn, utafute mstari wenye neno Network. Mwishoni kuna namba ndani ya mabano ya mraba. Ikianza na 14e4 ni Broadcom, na nakisia ndiyo yako. Ya Intel huanza na 8086, ya Atheros 168c, na hizo mbili kwa kawaida hujiwasha zenyewe. Broadcom ina programu yake ya ndani ambayo leseni hairuhusu isambazwe pamoja na Linux, ndiyo maana mfumo umekuja bila hiyo. Fungua Driver Manager ya Mint, subiri imalize kutafuta, chagua draiva inayopendekezwa, kisha zima na kuwasha. Isipokubali, rudi humo uondoe hiyo, ujaribu kifurushi kiitwacho firmware-b43-installer.

Kuna amri nyingine ya kukumbuka, rfkill list. Ikikuambia Hard blocked: yes, acha kuhangaika na draiva, rudi kwenye swali la mwalimu wa Tukuyu ukatafute swichi.

*

"Bwana Yesu asifiwe. Ofisi yetu ya kanisa, Mbalizi, ina laptopu ya Windows XP. Inaona waifai, tunaandika neno la siri sahihi, inazunguka halafu inaomba tena. Kijana katushauri tubadili ruta iwe WEP ndipo ikubali. Ni sawa?"

Amina. Tafadhali sana msikubali. WEP, ulinzi wa kizamani wa waifai, ilionekana hadharani kuwa na nyufa tangu 2001, na leo mtu mwenye laptopu na programu za bure anaifungua kwa dakika chache akiwa amekaa nje ya uzio. Mkiishusha ruta mnawashusha wote wanaoitumia: simu ya mchungaji, simu ya mhazini, majina na michango ya waumini.

XP inagoma kwa sababu haielewi vizuri WPA2 mpaka iwekwe Service Pack 3, sasisho kubwa lililotoka 2008. Mkiiweka inaweza kuungana. Lakini XP iliachwa bila ulinzi tangu tarehe 8 Aprili 2014, na mimi nisingeipeleka mtandaoni. Ibakizeni kwa kuchapa matangazo ya Jumapili na kuprinti, bila intaneti. Ikiwa RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine, inafika giga 2, fundi awawekee Linux nyepesi, na neno la siri la WPA2 litapokelewa kama kawaida.

*

"Nikiunga laptopu kwenye hotspoti bando la wiki linaisha siku moja. Windows 10. Vwawa."

Inashusha masasisho kimyakimya. Bofya jina la hotspoti yako, ingia Properties, washa Set as metered connection. Zima pia kuhifadhi mafaili mtandaoni. Ukipata waifai isiyo na kipimo, hiyo usiiwashie Set as metered connection, ili masasisho ya programu zako yaingie; ya Windows 10 yenyewe Microsoft iliacha kuyatoa bure kwa watu wote tarehe 14 Oktoba 2025.

*

"Dada, kadi ya laptopu yangu ya Lenovo imekufa kweli, mafundi wawili wamethibitisha. Ninunue kile kidude cha waifai cha kuchomeka USB au nibadilishe kadi ya ndani? Naishi Njombe."

Kwa wengi nasema kidude cha USB. Ni rahisi, hakihitaji bisibisi, na laptopu ikifa unakihamishia kwenye nyingine. Kwanza hakikisha draiva yake ipo kwa mfumo wako, maana vingi vinakuja na CD na laptopu yako huenda haina pa kuiweka. Anayetumia Linux atafute chenye chipu ya Atheros AR9271. Vile vidogo kama kucha vina antena ndogo mno. Kama ruta iko nyumba kubwa na wewe unalala banda la uani lenye kuta za tofali za kuchoma, chukua chenye antena ya nje.

Kadi ya ndani inashika mawimbi vizuri zaidi kwa sababu antena zake zimepita kuzunguka skrini. Shida ni kwamba ThinkPad na HP nyingi za zamani zina orodha ya kadi zinazozikubali. Ukiweka isiyomo, mashine inaandika kosa na kukataa kuendelea kuwaka mpaka uitoe. Kwa hiyo usinunue kadi kwa kuangalia umbo lake tu. Tafuta yenye namba ya kipuri ileile iliyoandikwa kwenye stika ya kadi iliyokufa. Mafundi wenye mabaki ya laptopu za aina yako ndio wa kuwauliza kwanza.

Siku ya kuifunga, simama hapo uangalie. Mara nyingi waya mweupe unakwenda kwenye alama ya pembetatu nyeupe, mweusi kwenye nyeusi. Vichwa vyake vinabana kama kifungo cha chuma cha jaketi: unakilaza kichwa sawasawa juu ya kitako chake, unabonyeza kwa ncha ya kidole mpaka usikie kimeitika. Fundi akikibonyeza kikiwa upande, kile kitako kinakatika kwenye kadi, na hiyo kadi mpya itakuwa inaona ruta ukiwa umeipakata tu.