Picha 36 zinanitosha

Mkanda wa kawaida wa filamu ya kamera, wa milimita 35, hutoa picha 36. Kwa aliyezoea simu, hiyo ni kama kunyimwa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo iliyonifundisha kutazama. Kabla sijabonyeza najiuliza mwanga unatoka wapi, na kama nikisogea hatua mbili ule mti wa nyuma utaacha kuonekana umeota kichwani mwa mtu. Mara nyingi jibu ni kusubiri, nami nasubiri.

Natumia Pentax K1000, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Unazungusha fokasi kwa mkono, unachagua kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) na ukubwa wa tundu la lenzi, basi. Betri ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, kamera inaendelea kupiga. Anayeanza namshauri atafute kamera ya namna hii. Aipige bila filamu kwa sekunde 1 na asikilize kama shata inakwama, kisha aielekeze lenzi kwenye mwanga. Akiona utando wa ukungu ndani ya kioo, aiache. Sponji ya mlango wa nyuma wa kamera iliyogeuka ulimbo isimtishe, hiyo hubadilishwa.

Kipima mwanga kikifa, kuna kanuni ya zamani. Jua likiwaka, weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya shata iliyo karibu na namba ya ISO ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga: ISO 100 kwa 1/125, ISO 400 kwa 1/500. Mawingu mepesi f/11, mazito kiasi f/8. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga, kwa sababu filamu ya negativu (ile yenye picha iliyogeuzwa mwanga na giza) huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Filamu ya slaidi, inayotoa picha yenyewe moja kwa moja, ni kinyume chake, kwa hiyo usianze nayo.

Sasa jambo linaloniuma hadi leo. Niliwahi kupiga picha siku nzima ndugu walipokusanyika, bibi akiwa katikati yao. Kihesabio cha picha kilifika 36, kikapita, na mkono wa kuvutia filamu haukukaza. Nilipofungua nyuma, mkanda ulikuwa palepale nilipouweka asubuhi. Ncha yake haikushika kwenye roli inayovuta filamu. Kihesabio huhesabu hata kama kamera ni tupu. Bibi hakuwahi kukaa tena na sisi sote pamoja.

Kwa hiyo ukishapakia na kufunga, zungusha taratibu kile kirungu cha kurudishia filamu mpaka ukisikie kimekaza. Halafu vuta mkono wa filamu huku ukikitazama. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, fungua upakie upya, hata kama watu wameshajipanga wanakusubiri. Mimi hukitazama kwa picha tatu za mwanzo, kila mkanda, na wanaonijua wameshazoea.

Na ukipeleka mkanda kusafishwa, sema mapema kwamba unataka negativu zako zirudi. Wapo wanaokutumia picha kwenye simu na negativu wakazitupa.